Kilindi, Mkilindi, Wakilindi: asili na safari ya jina la ukoo

Mkilindi (wingi: Wakilindi) ni nomino ya ngeli ya A-WA. Humtaja mtu wa ukoo uliotawala Usambara, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18 hadi utawala wa machifu ulipofutwa baada ya uhuru. Ukilindi ni hali ya kuwa wa ukoo huo, au utawala wake. Kilindi, kwa herufi kubwa, ni jina la mahali katika nchi ya Nguu, na tangu mwaka 2002 ni jina la wilaya ya Mkoa wa Tanga iliyomegwa kutoka Handeni. Kilindi, kwa herufi ndogo, ni neno la ngeli ya KI-VI lenye maana ya mahali penye kina kirefu cha maji. Wakilindini, kwa upande wao, ni taifa mojawapo la Waswahili wa Mombasa.

Maneno haya yanafanana kwa sauti, na kufanana huko kumekuwa mtego kwa wanafunzi na wafasiri. Makala haya yanaeleza jina la Wakilindi lilikotoka, njia liliyopitia, na sababu ya kulipa uangalifu katika maandishi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba jina la ukoo huonyesha mahali ambapo safari ya jina ilianzia. Peke yake, halionyeshi mahali ambapo kila anayelibeba alitoka.

Kilindi cha maji na Kilindi ya milimani

Neno la kawaida kilindi linafahamika kwa wote waishio pwani. Husemwa kilindi cha mto, vilindi vya bahari, na kwa maana ya kuazimwa, vilindi vya moyo au vya fikra. Likiongezwa kiambishi -ni cha mahali huwa kilindini, yaani penye kina. Ndiyo asili ya jina la Kilindini, bandari ya kina kirefu iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa. Wakazi wa mji wa kale wa Kilindini waliitwa Wakilindini. Pamoja na Watangana na Wachangamwe walifanya muungano wa Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu, mkabala na Tisa Taifa waliokuwa mataifa tisa ya mji huohuo.

Wakilindi wa Usambara si Wakilindini wa Mombasa. Tofauti ya silabi moja, -ni, ni tofauti ya historia nzima. Kundi la kwanza linatokana na mahali palipo barani, milimani, mbali na mkondo wowote wa bahari. La pili linatokana na mlango wa bahari. Mfasiri anayeandika kwamba Wakilindi ni "watu wa vilindi" atakuwa amechukua maana ya neno la pwani na kulivika jina la bara. Majina ya mahali hayafasiriwi kwa kufuata sauti tu. Kwanza hutafutwa lugha ya wenyeji wa mahali hapo, kisha simulizi zao, kisha maandishi ya kale, na mwishoni kabisa ndipo neno la Kiswahili linalofanana nalo huweza kupimwa.

Kwa Kilindi ya Nguu, lugha zinazohusika ni zile za kundi ambalo wanaisimu huliita Seuta: Kizigua, Kinguu, Kishambaa na Kibondei. Jina la kundi hili lenyewe limetokana na Seuta, ambaye simulizi za watu hawa humtaja kuwa mhenga wao. Ndani ya jina hilo mtu wa pwani atalitambua neno uta, yaani upinde. Na si ajabu kwamba mhenga wa watu wa nyika na misitu akumbukwe kwa silaha ya mwindaji. Sehemu ya kwanza, Se-, itaelezwa mbele, kwa kuwa bila hiyo nusu ya majina ya eneo hili hayaeleweki.

Bonde lililo kati ya nchi mbili

Ramani husaidia kuliona jambo hili. Ngombezi, ambayo katika orodha za kata huandikwa pia Mgombezi, iko jirani na mji wa Korogwe, katika bonde la mto Pangani ambao kwa bara huitwa Ruvu. Kaskazini yake yanainuka milima ya Usambara. Kusini, ng'ambo ya mto, imetanda nchi ya Wazigua ya Handeni, na kusini-magharibi zaidi iko milima ya Nguu yenye Kilindi. Kwa hiyo yeyote aliyetoka Nguu kwenda Usambara ilimpasa alishuke bonde hili na kuuvuka mto. Jina la Wakilindi nalo lilivuka hapa, katika sehemu moja au nyingine ya bonde, kabla halijapanda mlimani.

Jambo la kuzingatia kwa msomaji wa vitabu vya zamani ni tahajia. Kiswahili cha pwani kina tabia ya kuidondosha sauti l iliyo kati ya irabu mbili, ambayo lugha nyingi za bara huihifadhi. Kwa sababu hiyo Ngulu na Nguu ni nchi moja, Zigula na Zigua ni watu walewale, na Shambala na Shambaa ni jina lilelile. Usambara ni umbo jingine la Shambala, lililokaa katika ramani. Aidha, Kishambaa kina sauti gh ambayo waandishi wa Kiswahili wa zamani waliiandika kwa g. Kwa hiyo Mbegha ni Mbega, Vugha ni Vuga, na Bughe ni Buge. Mwandishi anaweza kuchagua mfumo mmoja, lakini asiichanganye katika maandishi yaleyale, maana msomaji mgeni atadhani kuna watu wawili.

Simulizi ya Mbegha

Chanzo kikuu cha maandishi kuhusu ukoo huu ni Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Kilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, kati ya mwaka 1895 na 1907, na mwaka 1962 kikatolewa upya chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Katika miaka ya 1960 mwanahistoria Steven Feierman alikusanya simulizi za Washambaa wenyewe, akazichambua katika kitabu chake kuhusu ufalme wa Washambaa kilichotoka mwaka 1974. Vyanzo hivi viwili vinakubaliana katika kiini cha hadithi, ingawa kila kimoja kina namna yake ya kuisimulia.

Mbegha, husema simulizi, alizaliwa Nguu akiwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa imani ya wakati ule kigego alikuwa kisirani, aliyedhaniwa kuwaletea ndugu zake maafa. Yeye aliachwa hai. Lakini wazazi wake walipokufa, jamaa walimnyima urithi na kumtuhumu kwa misiba ya ukoo. Akaondoka, akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa mahali hapo. Vijana hao wakawa wanawinda pamoja. Siku moja mtoto wa mkuu aliuawa na nguruwe mwitu katika mawindo, na Mbegha, akihofia kisasi, akakimbia kuelekea kaskazini, akauvuka mto na kuingia Usambara.

Huko aliwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawapa wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Sifa zake zikaenea hadi Bumbuli na Vugha. Alipoua simba, watu walimwona kuwa anastahili utawala, na tangu hapo watawala wa ukoo wake walisalimiwa kwa jina la simba. Vugha ukawa mji mkuu wao.

Swali la mwanaisimu ni hili: kwa nini mtu aliyezaliwa kwingine Nguu, akafukuzwa na ukoo wake wa kuzaliwa, aitwe kwa jina la Kilindi, mahali alipokuwa mgeni tu na alipotoroka kwa hofu? Jibu limo ndani ya simulizi yenyewe. Ukoo wake wa awali ulikuwa umemkana. Kule alikoingia, watu hawakumjua kwa baba yake. Walimjua kwa mahali alikotokea mara ya mwisho. Kilindi ndiyo iliyokuwa nyuma yake alipoonekana mlimani, na jina la kituo cha mwisho likawa jina la mwanzo wa ukoo. Wenyeji wa nchi mpya ndio waliokuwa na sababu ya kumwita mgeni kwa mahali alikotoka. Mtu anayebaki kwao haitwi kwa jina la kijiji chake, kwa kuwa kila aliye karibu naye ni wa kijiji hichohicho.

Mfano kutoka China

Mkondo huu si wa Afrika Mashariki pekee. Majina mengi ya ukoo ya Kichina yalianza kuwa majina ya mahali au ya dola. Jina Zheng ni mfano mzuri, na pwani ya Waswahili ina sababu ya kulikumbuka. Dola ya Zheng ilianzishwa mwaka 806 kabla ya Kristo, pale mfalme wa nasaba ya Zhou alipompa ndugu yake mdogo ardhi ya kutawala. Mwaka 375 kabla ya Kristo dola hiyo ilitekwa na jirani yake, dola ya Han. Watu wake wakatawanyika, na wengi wakachukua jina la nchi iliyopotea liwe jina la ukoo. Katika Baijiaxing, orodha ya majina ya koo iliyotungwa zama za nasaba ya Song na kutumika kufundishia watoto kusoma, Zheng ni jina la saba.

Jina hilo liliposafiri lilibadilika sauti. Katika Kikantoni cha Hong Kong huandikwa Cheng. Miongoni mwa Wachina wa Singapore wenye asili ya pwani ya kusini, huandikwa Tay au Teh. Vietnam lipo katika umbo la Trịnh, na Korea katika umbo la Jeong. Hati yake ya Kichina ni ileile, lakini anayesoma herufi za Kilatini pekee hawezi kutambua kwamba maumbo yote haya yana mzizi mmoja.

Tena si kila Zheng ana damu ya dola ya Zheng. Amiri Zheng He, aliyeongoza misafara ya merikebu za China kati ya mwaka 1405 na 1433, na ambaye merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan yenye jina la Ma. Jina la Zheng alipewa na mfalme Yongle kwa utumishi wake. Mtafiti ambaye angelitumia jina lake kuthibitisha kwamba wahenga wake walitoka katika dola iliyotekwa mwaka 375 kabla ya Kristo angepotea njia.

Mifano hii miwili inafanana mahali pamoja na kutofautiana pengine. Zheng na Kilindi yote ni majina ya mahali yaliyogeuka kuwa majina ya watu baada ya watu kuondoka mahali hapo. Lakini Zheng lilichukuliwa na umati uliopoteza dola. Kilindi lilibebwa na mtu mmoja aliyekuwa hana dola, kisha likawa jina la dola aliyoianzisha.

Wana wa watawala na wapwa wa wenyeji

Jina la ukoo huenea kwa uzazi, na Wakilindi walikuwa na utaratibu uliolieneza kwa haraka. Mtawala alioa wake kutoka koo za wenyeji katika sehemu mbalimbali za nchi. Mtoto aliyezaliwa alikuwa Mkilindi kwa baba, na papo hapo alikuwa mpwa wa watu wa mama yake. Alipokua aliweza kupewa utawala wa sehemu ile ya wajomba zake. Wenyeji walipata mtawala wa damu yao kwa upande wa mama, na Vugha ilipata mtawala wa jina lake kwa upande wa baba. Bughe, mwana wa Mbegha aliyerithi kiti, alikuwa na wajomba Washambaa.

Utaratibu huu ulifika kilele chake wakati wa Kimweri ya Nyumbai, ambaye jina lake huandikwa pia Kimweri ye Nyumbai kwa kufuata Kishambaa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Wanawe waliwekwa katika sehemu nyingi za milima na pia Bondei, kuelekea pwani. Kwa hiyo, kufikia katikati ya karne ya 19, kusema Mkilindi kulikuwa na maana mbili zilizoungana: mtu wa ukoo fulani, na mtu wa tabaka la watawala. Jina la mahali lilikuwa limegeuka kuwa cheo.

Hapa pana tahadhari kwa wanafunzi wa historia. Majina ya watawala hawa yalirudiwa kizazi baada ya kizazi, kwa desturi ya mjukuu kurithi jina la babu. Wako akina Kimweri zaidi ya mmoja, akina Kinyashi zaidi ya mmoja. Nyongeza kama ya Nyumbai si pambo. Ndiyo inayomtenga Kimweri aliyefariki mwaka 1862 na wengine waliokuja baadaye. Isiachwe katika tafsiri.

Kuhusu Se- na She-: katika lugha za Seuta kiambishi hiki hutangulia majina ya wanaume, na asili yake ni maana ya "baba wa" au "mwenye". Umbo la Se- huonekana zaidi kwa Wazigua na Wabondei, na She- kwa Washambaa, ingawa katika vitabu yote mawili hukutana ndani ya familia moja: Semboja, Shekulwavu, Shebughe. Jina Shebughe humhifadhi Bughe ndani yake. Jina la Barabara ya Shekilango jijini Dar es Salaam ni la mkondo huohuo, na wapitao hapo kila siku huenda wasifikirie kwamba silabi yake ya kwanza imeshuka kutoka milima ya Usambara. Jina Shekilindi, linalopatikana leo, linaunganisha kiambishi hiki na jina la ukoo. Si sahihi kulikata na kuandika "She Kilindi", kama ambavyo si sahihi kuandika "Se Mboja".

Jina linapogeuka kuwa hatari

Baada ya Kimweri ya Nyumbai kufariki mwaka 1862, jamaa zake walipigania urithi. Wakati huohuo bonde la Pangani lilikuwa limebadilika. Misafara ya pembe za ndovu ilipita humo, na Wazigua, walio karibu na pwani, walikuwa wamepata bunduki mapema kuliko watu wa mlimani. Semboja, mwana wa Kimweri, aliuelewa mgeuko huo. Badala ya kukaa Vugha, alikaa Mazinde, chini tambarare, kwenye njia ya misafara. Bonde lile ambalo jina la Kilindi lililivuka kama jina la mkimbizi sasa likawa makao ya mwenye jina hilo aliye na nguvu kuliko wote.

Upande wa Bondei mambo yalikuwa tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei waliasi dhidi ya watawala wao Wakilindi. Maasi hayo yanajulikana kwa jina la Kiva. Wakilindi wa Bondei waliuawa au kukimbia, na wengine waliuzwa. Katika miaka hiyo swali la mtu ni wa ukoo gani halikuwa swali la maamkizi. Ukoo ulihesabiwa kwa baba, na mtu aliyekuwa Mbondei kwa mama aliweza kuhukumiwa kwa jina asilolichagua. Anayesoma sura hizi za Habari za Wakilindi huku akilichukulia neno Mkilindi kama jina la kabila tu, sawa na Mzigua au Mshambaa, hawezi kuelewa kilichokuwa kikipiganiwa. Wabondei hawakuwa wakipigana na wageni wa lugha nyingine. Walikuwa wakipigana na tabaka, na katika tabaka hilo walikuwamo wapwa zao.

Kwa hiyo, katika tafsiri, Mkilindi lisigeuzwe kuwa "mtu wa kabila la Kilindi". Mkilindi wa Usambara alisema Kishambaa na kuhesabiwa miongoni mwa Washambaa, huku akitofautishwa nao kwa ukoo. Maelezo sahihi ni "mtu wa ukoo wa Kilindi" au, pale muktadha unapodai, "mtu wa ukoo wa watawala wa Usambara".

Jina lililovuka bahari

Nchi ileile iliyompeleka Mbegha kaskazini ilipeleka jina jingine mbali zaidi. Katika karne ya 19 njaa iliipiga nchi ya Wazigua, na wengi walijikuta wakichukuliwa kwa majahazi hadi Somalia kufanya kazi ya utumwa. Baadhi yao walitoroka, wakajenga makazi katika misitu ya bonde la mto Juba. Simulizi zao humtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa kiongozi wa kutoroka huko. Vizazi vyao viliendelea kusema Kizigua na kujiita Wazigula. Majirani waliwaita Mushunguli, umbo ambalo huelezwa kuwa limetokana na jina Mzigula katika vinywa vya watu wa lugha nyingine, kama vile Zheng lilivyokuwa Tay katika nchi za ugenini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walirudi kusini kwa bahari na kupokewa Tanzania. Walikaa Mkuyu, Handeni, na baadaye wakapewa ardhi katika makazi ya Chogo, wilayani humohumo. Walikuwa wamekuja na lugha ambayo wenyeji wa Handeni waliielewa na jina ambalo wenyeji walilitambua. Wengi wao hatimaye walipewa uraia wa Tanzania. Kwa watu hao jina la asili halikuwa kumbukumbu ya kujivunia tu. Lilikuwa sehemu ya dai lao la kuwa na kwao.

Hata hivyo, jina lilisaidiwa na lugha na simulizi. Lingekuwa peke yake, katika umbo lake la Mushunguli, huenda lisingetambulika Handeni hata kidogo. Kanuni ileile inayomzuia mtafiti kuunganisha Wakilindi na Wakilindini kwa kufanana kwa sauti humzuia pia kutenganisha Mushunguli na Mzigula kwa kutofanana kwake.

Majina katika orodha za leo

Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mashamba ya mkonge yalienea bondeni, Ngombezi ikiwamo, na yakavuta vibarua kutoka sehemu nyingi za Tanganyika na hata nje yake. Wengi hawakurudi makwao. Kwa sababu hiyo orodha ya wanafunzi au ya wapiga kura katika bonde hili hukusanya majina ya Wazigua na Washambaa pamoja na ya watu waliotoka kusini na magharibi ya mbali. Mwalimu akitaka wanafunzi wake wachunguze asili ya majina, bonde hili ni maktaba tosha, mradi awaonye juu ya neno lenyewe jina la ukoo.

Katika fomu nyingi za Tanzania huulizwa jina la kwanza, la kati na la mwisho, na hili la mwisho huitwa pia jina la ukoo. Kwa kawaida jina la kati ni la baba na la mwisho ni la babu. Basi mtu wa ukoo wa Kilindi anaweza kuandikwa majina matatu bila neno Kilindi kuonekana popote, na mwanawe akaandikwa jina la mwisho lililo tofauti na la kwake. Kwa Wachina, kinyume chake, jina la ukoo hutangulia na halibadiliki kutoka kwa baba hadi kwa mtoto: katika Zheng He, Zheng ni la ukoo na He ni la mtu. Kwa hiyo mfasiri wa hati za Kichina asihamishe mpangilio wa majina kwa kudhani kwamba la mwisho ndilo la ukoo. Naye mfasiri wa hati za Kitanzania asidhani kwamba ndugu wawili wa baba mmoja lazima washiriki jina la mwisho na baba yao.

Kwa muhtasari wa matumizi:

Kilindi (jina la mahali): huanza kwa herufi kubwa. Upatanisho hufuata neno lililo mbele yake: Wilaya ya Kilindi imepakana na Handeni.

Kilindi, vilindi (KI-VI): kina cha maji. Kilindi kile kina hatari. Haliandikwi kwa herufi kubwa katikati ya sentensi.

Mkilindi, Wakilindi (A-WA): mtu wa ukoo uliotawala Usambara. Mkilindi yule alitawala Bumbuli.

Ukilindi: hali au utawala wa Wakilindi. Halina wingi.

Mkilindini, Wakilindini (A-WA): mtu wa taifa la Kilindini la Mombasa. Silabi -ni isidondoshwe.

Mwandishi anayetaka kutaja asili ya mtu mwenye jina Kilindi, Mkilindi au Shekilindi aandike kwamba jina hilo limetokana na Kilindi ya Nguu. Asiandike kwamba mtu huyo ametoka Kilindi, isipokuwa amemuuliza naye akasema hivyo.